Rangi ya Rimu Haimo Kwenye Kibati

Ukifungua mlango wa mbele wa Toyota iliyotoka Japani, au ukiinua boneti na kutazama ukuta unaotenga injini na abiria, utakuta kibati chenye maandishi madogo. Palipoandikwa C/TR, alama tatu za mwanzo ndizo rangi ya bodi: 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 na 1C0 ni silva mbili zisizofanana. Wenye magari wengi huinakili namba hiyo, huipeleka kwa mchanganya rangi, kisha huipuliza kwenye rimu iliyochubuka. Kazi ikikauka wanashangaa gurudumu moja linavyoonekana la kuazima. Mchanganya rangi hakukosea. Namba ile ni ya bodi, na kibati hakisemi lolote kuhusu rangi ya rimu. Rimu ilipakwa silva yake peke yake, na tangu siku hiyo imepigwa jua, imepikwa na joto la breki na kuoshwa kwa sabuni za kila namna. Unayoitafuta ni rangi ya rimu zile tatu nyingine jinsi zilivyo leo.

Nazungumza na mwenye rimu za alumini, zile tunazoziita rimu za spoti, ambazo umbo lake bado zima ila uso umechakaa. Klia, lile tabaka angavu la juu, imemenyuka, ukingo umeparuzwa na zege la barabarani, na chini ya klia kuna michirizi myeupe inayotambaa. Michirizi hiyo ndiyo kutu ya alumini. Jiwe dogo hutoboa klia, unyevu wenye chumvi ukaingia, ukaanza kujichimbia njia kati ya rangi na chuma. Kwa gari la Tanga, Mombasa au Dar es Salaam chumvi inatoka baharini. Gari lililotumika Hokkaido huenda lilishuka bandarini na chumvi yake tayari, kwa sababu kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Mwenye Probox yenye rimu za chuma kazi yake ni nyepesi: brashi ya waya, dawa ya kutu, praima, rangi, na kifuniko cha plastiki kitaficha mengine yote.

Kabla hujanunua hata karatasi ya msasa, toa gurudumu, lioshe, ulikague mbele na nyuma. Upande wa nyuma ndio unaosema ukweli, maana huko hakuna aliyewahi kuupaka rangi ili kuuza gari. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, hiyo si kazi ya rangi. Ukiona mahali palipochomelewa, vilevile. Puti hujaza shimo lakini haiongezi nguvu, na rangi mpya juu ya ufa ni njia ya kumficha adui. Rimu iliyopinda nayo isipelekwe kwa mtu anayeipasha kwa moto wa gesi na kuigonga nyundo. Rimu nyingi za alumini hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto usiopimwa huuondoa ugumu huo bila wewe kuona tofauti yoyote kwa macho.

Kuna rimu mbili nyingine za kuachana nazo. Moja ni ile ambayo uso wake umekatwa kwa mashine, ukiangalia karibu unaona mistari myembamba inayozunguka kama ya sahani ya santuri. Mistari hiyo hairudishwi kwa msasa wa mkono. Ama unaipeleka kwa mwenye mashine, ama unakubali kuipaka yote rangi moja na kuiaga sura yake ya zamani. Ya pili ni ya kromu. Rangi haishiki vizuri juu ya kromu, na kuiondoa kromu si shughuli ya uani.

Sasa rangi yenyewe, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Ukienda dukani ukasema, “Kaka, nipe silva ya rimu,” na muuzaji akakujibu, “Silva ya rimu ipi, bosi? Umekuja nayo?” basi umefika duka zuri. Anayekupimia kopo papo hapo bila kuuliza anauza kopo tu.

Silva imejaa vibapa vidogo mno vya alumini vinavyoelea ndani ya rangi angavu, na unachokiona ni jinsi vibapa hivyo vinavyorudisha mwanga. Vikilala bapa karibu na uso, silva huonekana nyeupe na kali. Vikizama na kusimama ovyo, silva hiyohiyo huwa nzito na ya kijivu. Vitalalaje? Hilo linaamuliwa na mkono wa anayepuliza. Ukipuliza karibu, rangi ikafika mbichi na nyingi, vibapa vina muda wa kuzama. Ukipuliza kutoka mbali, au kwenye jua la saa saba, rangi inafika ikiwa imeanza kukauka na vibapa vinabaki juu. Presha ya kompresa, wingi wa tina na kasi ya mkono navyo vina sehemu yao. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kugawana kopo moja na wakatoka na silva mbili. Formula ya kompyuta ya dukani, hata kile kifaa cha kusoma rangi ambacho baadhi ya maduka yanacho, inakufikisha jirani. Nyumba unaitafuta mwenyewe.

Peleka gurudumu zima dukani. Kifuniko kidogo cha katikati chenye nembo ni rahisi kubeba mfukoni, lakini ni plastiki, na mara nyingi kimezeeka kwa namna yake. Kabla ya kulipeleka, ng'arisha sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa dawa ya kusugulia rangi, kwa sababu klia iliyofifia huifanya silva ionekane na ukungu, na mchanganya rangi atapima ukungu badala ya rangi.

Ukirudi nyumbani na kopo lako, usiguse rimu. Chukua mfuniko wa bati, upake praima ileile utakayotumia, upulize rangi kwa mkono uleule, pamoja na klia. Klia ni lazima, kwa sababu huizidishia rangi kina. Kipande kisicho na klia hakilinganishwi na chochote. Acha kikauke kabisa, maana rangi mbichi hudanganya. Kisha kiweke juu ya rimu nzima, ukitazame nje, juani na kivulini. Kitazame kwa mbele, halafu chutama ukitazame kwa ubavu. Usiamue chini ya taa ya umeme usiku: rangi mbili zinaweza kupatana chini ya taa na kugombana asubuhi.

Kipande kikiwa cheupe kidogo kuliko rimu, usikimbilie kuongeza nyeusi. Puliza kipande cha pili ukiwa karibu zaidi na kwa tabaka bichi zaidi. Kikiwa kizito, rudi nyuma, na umalizie kwa vumbi jepesi la rangi kutoka mbali, tabaka lililo nusu ya ukungu. Tofauti ya weupe na uzito unaweza kuimaliza kwa mkono hivyo. Lakini kipande kikiwa na umanjano ambao rimu haina, au ubuluu, hapo ni kazi ya mchanganyaji. Mrudishie kopo pamoja na kipande chako. Na kikipatana kwa mbele kisha kikawa cheusi kwa ubavu, ukubwa wa vibapa ndio tofauti. Mwambie hivyo hivyo, atakuelewa.

Ushauri wangu wa kweli, hata hivyo, ni kwamba kama rimu mbili kati ya nne zina kasoro, zipake zote nne. Watu huona ni gharama. Lakini kazi kubwa iko kwenye kusafisha na kupiga msasa, na rangi ya kopo moja iliyopulizwa siku moja na mkono mmoja haihitaji kulinganishwa na kitu. Koroga kopo hadi chini kila unapomimina, kwa sababu alumini hutuama, na rimu ya kwanza ikipata maji ya juu wakati ya nne inapata tope la chini, umerudi ulikoanzia. Kilichobaki kifunge vizuri na uandike tarehe na formula juu yake.

Nyeupe na nyeusi zisizo na vibapa ni rahisi zaidi kupatanisha, ila nyeusi ya kung'aa haisamehi mkwaruzo hata mmoja wa msasa. Rangi ngumu kuliko zote ni dhahabu. Vijana wa Subaru wanaijua: Impreza za buluu zenye rimu za dhahabu, mtindo wa timu iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Colin McRae na mwaka 2000 kwa Richard Burns, zimewaachia Wakenya hamu isiyoisha. Dhahabu nyingi hazifuniki vizuri, kwa hiyo kila tabaka linaongeza uzito wa rangi. Rimu iliyopata tabaka tatu haitafanana na iliyopata nne. Hapo hesabu tabaka zako kwa sauti kama unahesabu fedha za watu.

Matayarisho sasa. Safisha kwanza, msasa baadaye. Ukigeuza utaratibu huu msasa utayasokomeza mafuta ndani ya chuma. Sabuni na brashi zitatoa matope, na dawa ya kutoa vumbi la breki, ile inayogeuka zambarau ikikutana na chuma, itatoa chembe zilizojichoma ndani ya klia. Halafu futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine cha kukausha. Petroli na mafuta ya taa visitumike, kwa maana huacha utando wake. Adui mkubwa kuliko wote ni ile dawa ya kung'arisha tairi. Ina silikoni, na mahali ilipogusa rangi itajikunja na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Wapo wanaopaka grisi kwenye tairi ili rangi isishike. Usithubutu.

Na maji: kisima chako kama kina chumvi, kama visima vingi vya pwani, usikitumie kwa msasa wa maji bila kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na baada ya miezi kadhaa utaona malengelenge.

Tairi likitolewa kwenye rimu kazi huwa safi zaidi. Usipotaka kulitoa, punguza upepo, uchomeke karata au vipande vya kadi ngumu kuzunguka pengo kati ya tairi na rimu, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake. Ni njia ya zamani na hakuna utepe unaoishinda. Valvu ifunikwe. Vipande vya risasi vya balansi vitolewe, na ukubali kwamba utabalansi upya.

Mikwaruzo ya ukingo inaanza na tupa, kukata vinundu vilivyoinuka. Kisha msasa namba 80 au 120 hapo palipoharibika tu, 180, halafu 320. Michirizi ya kutu lazima ifuatwe hadi mwisho wake. Ukiacha sentimita moja chini ya rangi ya zamani, itaendelea na safari. Mpaka kati ya rangi ya zamani na chuma usiwe ngazi. Pitisha kidole juu yake ukiwa umefumba macho, na kama kidole kimekwama, msasa bado. Mashimo madogo jaza kwa puti ya chuma yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, tabaka jembamba. Puti iwekwe juu ya chuma kilichopigwa msasa au juu ya praima ya epoksi, siyo juu ya praima ya asidi. Uso wote uliobaki upige 320 au 400, hadi usione mng'ao popote, hasa kwenye kona za mashimo ya nati.

Alumini iliyo wazi huanza kujifunika utando wake mara moja, kwa hiyo piga praima siku hiyohiyo, ndani ya saa chache. Praima ya kijivu ya kawaida haishiki chuma hiki kwa muda mrefu. Omba ya asidi au ya epoksi, na useme wazi kwamba ni ya alumini. Ikikauka ipige msasa namba 600. Silva huonyesha mikwaruzo yote ya namba za chini, na klia huikuza. Praima iwe ya rangi moja kote, kwa sababu silva ya tabaka nyembamba huonyesha madoa ya chini yake.

Siku ya kupuliza ichague. Wakati wa masika hewa ya pwani imeshiba maji. Tina ikiruka upesi hupoza uso, unyevu ukatua, na rangi ikageuka maziwa. Ukilazimika, tumia tina inayokauka polepole. Nyakati nyingine, saa tatu hadi saa tano asubuhi ndizo saa nzuri: umande umeondoka, jua halijawa kali, na upepo bado mdogo. Mwagia uwanja maji kidogo vumbi litulie. Magharibi acha kabisa, kwa sababu wadudu wanaofuata taa wanapenda klia mbichi. Ukiazima kompresa ya fundi puncha, fungua koki ya chini ya tangi uteme maji na mafuta kwanza, na uweke kichujio cha maji kabla ya bunduki ya rangi.

Lilaze gurudumu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anza na sehemu zilizojificha, kuta za mikono ya rimu na za mashimo ya nati (pale nati inapokaa pakiwa pamefunikwa), uso uwe wa mwisho. Umbali wa sentimita 20 hadi 25, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia, na mkono uanze kutembea kabla ya rangi kutoka. Tabaka tatu nyepesi, dakika 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine, ndizo salama kuliko moja nzito. Klia ifuate siku hiyohiyo.

Kuhusu klia nina neno zito. Ile ya kuchanganywa na hadina ndiyo imara: inavumilia petroli na jua. Lakini hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayojulikana kwa kuwapa mafundi rangi pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, na huwezi kutegemea harufu ikuonye. Mafundi wanaojilinda ipasavyo huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Makopo ya kupuliza yenye kitufe cha kutoboa chini nayo ni yaleyale, yana hadina ndani. Nyumbani, penye watoto na majirani wa ukuta mmoja, tumia klia isiyo na hadina, nje kwenye hewa, ukiwa na barakoa ya vichujio vya mvuke, na ukubali kwamba itadumu muda mfupi zaidi. Ama gawanya kazi: wewe safisha, piga msasa na praima, halafu mpelekee fundi mwenye chumba na vifaa apulize rangi na klia. Mimi naona huo ndio mgawanyo wenye akili. Sehemu inayochosha na kulipiwa saa nyingi umeifanya kwa uangalifu ambao fundi mwenye magari sita uani hana nafasi nao, na sehemu yenye sumu imeenda kwa mwenye vifaa. Kile kipande chako cha bati mpe kama kielelezo.

Kuna sehemu tatu ambapo rangi haitakiwi kuwapo: uso wa nyuma unaobana kwenye habu, viti vya nati, na mahali tairi linapokaa. Zifunike tangu mwanzo. Rangi nene kati ya rimu na habu au chini ya nati hujikamua gari likitembea, nati zikalegea bila mtu kuzigusa.

Subiri angalau siku moja kabla ya kufunga gurudumu, na siku kadhaa kama tairi lilitolewa, maana mashine ya tairi ina meno. Mwambie fundi aibane rimu kwa ndani na aweke vilinda vya plastiki. Kama hana, mfuko mnene uliokunjwa utafaa. Nati zianze kwa mkono, kisha zikazwe kwa kuruka, moja na inayoielekea. Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nguvu ya Nm 103, kwa hiyo azima spana ya toki badala ya kurukia spana kwa mguu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena. Kwa mwezi wa kwanza, ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana wa pale asipake rimu ile dawa kali ya asidi wanayoipenda kwa sababu inafanya kazi haraka. Sabuni ya kawaida na kitambaa laini vinatosha, na rimu ziwe zimepoa kabla ya kumwagiwa maji.